Twiga Mia Sita

Oda ilikuja Alhamisi, kwa simu, mvua ikipiga mabati ya Kariokor:
twiga mia sita wa shanga, urefu wa kidole cha kati,
wawe Mombasa Jumanne alfajiri, meli ikitia nanga.
Kanyiri ndiye aliyepiga, yule wa katikati, yule wa asilimia.
"Watashuka watu elfu mbili," alisema, "na kila mmoja ana mjukuu."
Nikakubali kabla hajataja bei.
Alipoitaja, nilikuwa nimeshakubali.

Mimi bahari sijaiona.

Mwongeli, tunayegawana meza, hakuinua macho.
"Saa kumi tu. Inafika asubuhi, inaondoka jioni.
Wanakula humo, wanalala humo,
hata maji ya kunywa wanashuka nayo mkononi.
Tuliambiwa mgeni njoo, mwenyeji apone.
Haya, nani kapona?"

Mama alipona, nikasema.
Mwaka jana, wiki mbili za dripu:
vifaru mia nne walimtoa wodini,
kifaru mmoja mmoja, pembe kwa pembe.

Akakata waya. Akanyamaza. Kisha:
"Na Kanyiri, yeye kapona mara ngapi?"

Binti yangu Mutheu yuko mwaka wa tatu, anasoma mazingira.
Anasema meli ya namna hiyo hata ikisimama injini hailali,
moshi unawashukia watu wa ng'ambo kutwa nzima, nguo zikiwa kambani;
anasema matumbawe hufa bila kupiga kelele,
ndiyo sababu hakuna anayekwenda matangani.
Nikamwambia: karo yako ya muhula huu imo shingoni mwa hawa twiga.
"Najua," akasema. "Hilo ndilo linaloniuma."

Jumamosi usiku akapiga Wesonga, shemeji yangu.
Miaka minne anatandika vitanda kwenye meli kama hizo,
anakunja taulo ziwe tembo,
anamwacha tembo juu ya mto wa mgeni, na peremende kwenye mkonga.
Nikamuuliza: wewe uliye tumboni mwake, ni faida au hasara?
Akacheka, cheko la mtu anayeogopa kuishiwa na salio.
Mwaka juzi, alisema, walitia nanga Mombasa,
kwao, safari ya treni moja kutoka kwa mkewe,
na zamu haikumpa hata nusu saa.
Kenya aliionea dirisha la duara la chumba cha dobi:
kreni mbili, kipande cha mnazi, mtu akivuta sigara.
Akarudi kukunja tembo
wa kuwasubiri watu walioshuka kwenda kuona tembo.
"Lakini nisikufiche," alisema,
"paa la mama kule Webuye ni taulo tupu."

Mwongeli alikuwa akisikiliza. Akanikumbusha mwezi wa tatu,
meli ilipobadilisha njia kwa sababu ya upepo, au mafuta,
au sababu nyingine ambayo haikufika Kariokor.
Vinyonga mia mbili wakabaki guniani.
Bado wapo. Tunawakalia.

Jumatatu, saa kumi na moja jioni, twiga mia tano na sitini.
Basi la mizigo linaondoka River Road saa tatu.
Vidole vya Mwongeli vimevimba, vyangu sivihisi.
Mutheu akaingia na begi la chuo mgongoni,
bado anabishana, sijui na nani,
na mimi, na mhadhiri wake, na bandari:
ada ya kutia nanga inaishia mfuko gani,
na kwa nini kinachobaki ufukweni ni chupa.
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu miguu;
mmoja alikuwa na mitatu.

Akavua begi. Akakaa juu ya vinyonga.
Akachukua koleo, akavuta bakuli la shanga karibu na taa,
akapinda shingo ya kwanza vizuri kuliko mimi.
"Huu si ukubali," akasema.
Sawa, nikasema.
Akaanza ya pili.
Halafu, bila kunitazama:
"Macho, tunaweka meusi au ya bluu?"