Picha Tatu za Kutembea

Programu inauliza jina. Dada anaandika: Emőke.
Herufi moja inakataliwa. Katikati ya jina
kinatokea kisanduku kitupu, kama pengo la jino.
"Haya," anasema, "hata humu ndani
naanza na kasoro."

Ni Februari, Miskolc. Theluji imekuwa tope,
tope limekuwa barafu, na lifti ya jengo letu
imekufa tangu wiki ya Krismasi.
Mama yuko zamu ya usiku, anaendesha tramu.
Mimi niko kitanda cha chini, najifanya nimelala,
namwona uso wake umepakwa buluu na skrini.

Nywele ni za kuchagua, zote zimechanwa vizuri mno.
Macho anayapa ukijani, ingawa yake ni ya kahawia.
Uhai, mia nne na hamsini. Nguvu, kumi na mbili.
Bahati anaiacha kama alivyoikuta;
kidole kinaelea juu ya kitufe kitambo kidogo,
kisha kinaondoka.

Halafu miguu.

Kutembea kuna picha tatu tu:
kushoto mbele, wima, kulia mbele.
Programu ni karimu: wewe chora wa kushoto,
nami nitaugeuza kama kwenye kioo,
wa kulia utajipata wenyewe.
Ukarimu wa mtu ambaye hajawahi
kununua jozi mbili za viatu ili apate jozi moja.

Dada anabofya Hapana.

Anauchora wa kulia kwa mkono, nukta kwa nukta,
nukta mbili mfupi kuliko mwenzake.
Bega linashuka. Kichwa kinalifuata.
Anafuta: limeshuka mno, linaomba huruma.
Anataka kulipandisha nusu nukta,
na nusu nukta haipo duniani.
Saa nane za usiku anagombana na kitu kisichokuwepo
kwa matusi ambayo mama anadhani hatuyajui.

Jumamosi anakuja Barnabás, mjaribu michezo.
Amepanda ghorofa saba, anahema, anamaliza biskuti zetu,
anashika kibodi.
Mhusika anatoka mlangoni: hatua, tuo, hatua.
Mbwa mwitu anamla kabla ya daraja.
Anamla tena. Mara ya tano
Barnabás anajifuta makombo: "Mwongeze kasi.
Ni namba tu. Toa tatu, weka nne."

Kweli, ni namba tu.

Mwenda pole hajikwai, husema watu,
na watu hao hawajawahi kushuka ngazi zetu
barafu ikiwa imeingia na viatu vya majirani.

Dada hagusi kasi. Anafungua ramani.
Daraja analivuta vigae sita karibu.
Anaweka benchi kando ya kisima,
benchi nje ya duka la mikate,
benchi katikati ya msitu, bila sababu yoyote;
ukikaa, uhai unarudi kidogo kidogo,
na mbwa mwitu, sijui amemwandikia sheria gani,
anapita akinusa, anashika njia yake.

"Huo ni udanganyifu," anasema Barnabás.
"Hiyo ni manispaa," anasema dada.

Usiku ananiamsha, ingawa sikuwa nimelala.
Nishike simu karibu na sakafu, korido nzima,
anataka sauti ya nyayo.
Anatembea mbele yangu bila soksi:
nzito, nyepesi. Nzito, nyepesi.
Nilidhani naijua sauti hiyo. Nimeisikia miaka kumi na miwili
kupitia kuta, na sikuwahi kuisikiliza.
Kufikia mlango wa bafu, Bibi Rozália wa chini yetu
anagonga dari yake kwa ufagio, mara tatu.

"Tuanze upya?" nanong'ona.
"Acha," anasema. "Acha vivyo hivyo."

Ndiyo maana ukiucheza mchezo ule,
ukifika ukumbi mrefu wa ngome,
utasikia mtu anagonga kutoka chini.
Barnabás ameshautafuta mlango wa siri wiki tatu.
Hatujamwambia.