Neno Lililofutika

Kila Alhamisi, kengele ya mwisho ikishalia,
naburuta stuli ya Darasa la Pili B
hadi kwenye ubao wa getini, huku Kitunda,
nachora msalaba mdogo kwenye kona, kisha naandika.
Miaka kumi na moja ya ukarani.
Mwandiko wangu unasomwa kuliko waraka wa Askofu.

Wiki ile niliandika:
Komunyo ya Kwanza, Sikukuu ya Kristo Mfalme.
Wasichana soksi nyeupe, si krimu. Nyeupe.
(Sista Eufrazia alinisimamia mgongoni kwa hilo la krimu.)
Kwaya ya watoto saa tisa; mwenye kikohozi abaki nyumbani.
Kikao cha wazazi: ada, uji, choo cha wavulana.
Na mwisho wa mstari, kulia kabisa:
wazazi wote, majembe na sururu, tuchimbe mtaro, Jumamosi ijayo.

Chini yake, kwa herufi ndogo,
nilinakili karatasi niliyopewa ofisini:
majina kumi na tisa ya wanaodaiwa.
La saba, Leokadia Mbawala,
anayeniamkia kila asubuhi, "Shikamoo, karani,"
kana kwamba karani ni cheo cha mbinguni.
Chaki ilikatika kwenye M.
Nikachukua nyingine. Kazi ni kazi.

Usiku vuli ikapiga hodi, isingoje karibu.
Bati la getini lina tundu;
fundi alilipwa, tundu likabaki.
Maji yakateremka upande wa kulia,
yakapitia neno moja, ijayo,
yakatandaa chini, yakalamba majina yote.
Ijumaa nilikuwa Mkuranga kwenye msiba. Sikuona.

Jumamosi, jua halijachomoza vizuri,
mlinzi Ng'wandu ananipigia simu:
"Dada Severina, kuna jeshi getini."

Nikafika na kanga mbili na ndala zisizofanana.
Majembe begani, sururu, beleshi moja la kuazima.
Jumuiya ya Mtakatifu Klara na fulana zao za sare.
Baba yake Shani, katoka swala ya alfajiri
moja kwa moja, kofia bado kichwani.
Mama Odilia wa gengeni na sufuria ya viazi vitamu.

"Ni wiki ijayo," nikasema.
"Ubao umesema Jumamosi. Leo siyo?"
Sikuwa na la kujibu. Ilikuwa Jumamosi.

Wakachimba.
Kanisani watoto walikuwa wakizoezwa kupokea
kwa vipande vya andazi, mikono imekunjwa kama barua,
na mmoja alirudi kwenye foleni mara tatu
mpaka katekista akamshika sikio.
Nje udongo ulitoka mwekundu, kisha mweusi,
kisha ukatoka mguu wa dawati, ukatoka mpira,
ukatoka rozari ya plastiki isiyo na msalaba.

Penye mawe, upande wa choo,
alisimama baba yake Leokadia, fundi baiskeli.
Hakuongea hadi saa nne, alipoketi juu ya stuli yangu,
viganja vimechubuka.
"Karani, jina letu umelifuta?"
"Mvua, baba."
Akatazama ubao. Akatazama bati, na tundu lake.
"Basi huyo fundi msimlaumu sana."

Sista alipita na birika la uji.
Akasoma ubao taratibu, juu hadi chini,
akafika penye weupe wa chaki iliyoyeyuka.
Akammiminia Mbawala kikombe, akakijaza hadi ukingoni,
akaenda zake.
Ile karatasi bado iko kwenye droo yangu.
Hajaiulizia.

Jumamosi iliyofuata wakaja wengine,
wale waliosoma Alhamisi, kabla ya mvua.
Wakakuta mtaro umekamilika, maji yanapita yakiimba,
na makopo ya juisi yakishindana kuelekea barabarani.
Wakasimama na majembe yao makavu, wamenuna:
"Mbona hamkutungoja?"

Nikawaonyesha choo cha wavulana.