Kipimo Namba Saba

Uvinza, saa mbili asubuhi, chumvi imeamka kabla yetu.
Iko kwenye bawaba, iko kwenye kamba za viatu,
iko kwenye koo la Debora anaposema "Mwakeye"
huku akining'iniza kufuli jekundu kwenye swichi.
"Umeme umelala," anasema. "Sasa mwamsheni huyo."

Huyo ni kipimo cha presha, bomba la tatu toka kisimani.
Kichwa cha alumini, kifuniko cha duara,
kioo chake kina mtoto wa jicho.
Wiki nzima kinasoma sifuri
na bomba linatetemeka mkononi.

Kwanza kiganja. Kiganja kinateleza.
Kisha mpira wa ndani wa baiskeli, mizunguko miwili, tukavuta
mpaka mpira ukalia na sisi tukanyamaza.
Kisha mafuta ya kulegeza kutu, matone manne,
na kungoja.
Bitulo hajui bado kwamba kungoja ni kazi;
ameshika nyundo kama mtu anayedai deni.
"Nigonge?"
Gonga, lakini kama unabisha hodi kwa mkwe.
Pembeni, ukizunguka. Kioo usikiguse.

Ko. Ko. Ko.
Hakuna aliyesema karibu.

"Patasi?"
Hapana. Nimeshaona patasi ikila meno ya alumini:
kifuniko kilifunguka siku ile
na hakikufunga tena. Masika yakahamia ndani.

Debora ndiye aliyekwaruza kwa ukucha
chini ya shavu la kifuniko, tabaka tatu za rangi ya kijivu,
na pale, kama kupe nyuma ya sikio la mbwa,
skrubu ndogo ya kufungia.
Saa nzima tumesukuma mlango wenye komeo.
Hatukutazamana.

Ufunguo wa pembe sita, nusu mzunguko, skrubu ikatoka.
Kifuniko bado.

Hapo nilitukana.
"Mshenzi gani alikaza hivi? Kwa spana, bila grisi,
kama anafungia jini kwenye chupa?"
Bitulo akacheka. Upande wa stesheni
treni ya mizigo ikapiga honi, ikaenda zake Kigoma.

Nyamwiza wa chai akatuazima birika,
maji matupu, hayajatiwa majani.
Tukakifunga kifuniko kitambaa, tukamimina polepole,
mvuke ukatupanda usoni.
"Sasa kaza," nikasema.
"Kaza?"
Kaza, unene wa unywele. Halafu ndiyo ufungue.

Mikono minne, kimya.
Krr.
Sauti ndogo, kama punje ya chumvi chini ya jino.

Ndani mlinuka mwaka wa zamani.
Pete ya mpira imepasuka kama kisigino cha kiangazi,
waya mmoja umeota ukijani kwenye ncha,
na mgongoni mwa kifuniko kipande cha utepe,
wino wa bluu, tarehe kumi na nne Agosti,
na herufi R yenye mkia.

Ule mkia naujua.
Ni mwaka aliozaliwa binti yangu; nilipigiwa simu,
nikafunga haraka, spana ilikuwa karibu,
kopo la grisi lilikuwa mbali, hatua kumi hivi.
Miaka kumi na mmoja.
Nilimtukana mtu, akaitika.

Sikusema kitu. Debora alisoma utepe,
akanitazama, akageukia mto Ruchugi
kama aliyeona ndege.

Tukapiga mswaki meno yote. Tukakata waya mpaka shaba nyekundu.
Pete mpya. Grisi, kidole kizima.
Kifuniko kikarudi kwa mkono mmoja,
laini, kama kufunga chupa ya asali.

"Niongeze kidogo kwa spana?"
Nikamshika Bitulo kifundo cha mkono.
Nilimshika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kufuli likatoka, umeme ukarudi, namba zikaamka:
nne, nukta, mbili.
Utepe mpya nilimwachia yeye.
Aliandika tarehe, aliandika jina lake lote, kwa herufi kubwa,
kisha pembeni, bila kuambiwa:
*grisi ipo.*