Mteremko wa Bugando

Bwana Ndalahwa alifungua boneti tatu kwa mpigo
pale yadini Nyakato, jua la saa sita limekaa juu ya vioo,
akasema: Dada, chagua moyo.

Wa kwanza petroli. Lita mbili, na turbo.
"Ukikanyaga, unafika Magu salamu hazijaisha."
Wa pili dizeli. Ulinguruma kama mtu mzima
anayesafisha koo kabla ya kutaja mahari.
Wa tatu aliuwasha, nikasubiri.
Nikasubiri.
"Limewaka?"
"Limewaka zamani," akacheka. "Hili haibridi.
Petroli ipo, mota ya umeme ipo,
zinapokezana kama wanawake wawili kwenye kinu kimoja."

Mimi ni karani wa mizani, kiwanda cha samaki, Ilemela;
siamini kitu kisichopimwa.
Nilitoa daftari. Lita ngapi Kisesa hadi Bugando,
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, kwenda na kurudi,
mama siti ya nyuma, watoto wawili wa shule,
gunia la mchele tukibahatika.
Niliandika bei. Nikaifuta.
Nikaiandika tena, kwa penseli.

Kila mtu alikuwa na injini yake mdomoni.
Bugingo, mume wangu, alitaka dizeli:
kwao Ukerewe, ukishuka kivuko, mchanga unakungoja,
na dizeli, alisema, haiulizi maswali.
Fundi Salamba wa Igoma alifuta mikono kwa tambara:
"Betri ile ikifa, shemeji, utauza ng'ombe sita.
Na mimi siigusi. Zile waya za rangi ya chungwa zinaua."
Kaka alipiga simu kutoka Dar kusema petroli,
lakini kaka hajawahi kumpeleka mama popote.

Mama hakuulizwa.
Mama alijua gari moja tu, pikapu ya marehemu baba;
aliisikia ingali ng'ambo ya mto
akabandika maji ya ugali.

Nililichukua la tatu. Sikushauriana na mtu,
daftari lilitosha.

Wiki ya kwanza nilimkuta uani anachambua mchicha.
Gari limefika, limezimwa, kuku hawajahama,
nami nimesimama hatua nne nyuma yake.
Aligeuka, akashtuka mpaka sinia likamwagika.
"Unakuja kama mwizi! Gari gani lisilobisha hodi?"
Tangu siku hiyo napiga honi langoni, mara mbili.
Hilo daftarini halikuwamo.

Ijumaa moja tulitoka kule juu usiku.
Masaa manne kwenye mashine, damu inatoka, damu inarudi,
mkono wake una plasta, wa baridi
kama sangara aliyetoka kwenye barafu.
Tukaanza kushuka. Injini ikanyamaza yenyewe.
Chini, taa za mji zilikuwa zimejibana kati ya mawe,
na baada ya taa, ziwa, ambalo halikuonekana
ila kwa kuwa taa ziliishia hapo.
Kwenye dashibodi mshale wa kijani ukageuka,
kutoka magurudumuni kurudi kwenye betri.

"Limekufa?"
"Hapana, mama. Nikishika breki linajichaji.
Mteremko unarudisha tulichotumia kupanda."
"Chote?"
"Si chote."

Alinyamaza hadi tuliposhika lami ya Nyakato.
Kisha nikasikia kicheko chembamba gizani:
"Basi tumefanana, mimi na gari lako.
Na mimi nina moja ya nyama na moja ya waya.
Ila yangu ya nyama ndiyo mbovu."

Sikuwa na jibu la kupima.
Kwenye kilima cha kwanza petroli ikaamka,
mtetemo mdogo tu, chini ya viti.
"Hiyo sasa naisikia," akasema,
akaegemeza kichwa kwenye kioo, akalala.

Kisesa, mbele ya lango,
nilisahau kwamba nilikuwa naye ndani.
Nikapiga honi, mara mbili.