Droo ya Kushoto

Hoteli ya kule juu, upande wa Menengai, imeniletea kazi:
bendera nane, na ya tisa ya Jumuiya yenyewe.
Wageni wanaingia Alhamisi kujadili
mipaka isiyo na vizuizi na sheria isiyo na upendeleo.
Nilikubali kabla sijauliza bei.
Kisha cherehani yangu ya umeme, mali ya mkopo wa chama,
ikatoa moshi katikati ya manjano ya Tanzania,
ikanyamaza.

Hapa Ponda Mali wageni hulicheka jina la mtaa.
Ponda mali, kufa kwaja, ndivyo msemo unavyomalizika.
Sisi hatukuponda. Tulipondewa.
Januari ile nilibeba mtoto mgongoni, sufuria kichwani,
nikalala kwenye hema wiki kumi na moja,
na niliporudi palikuwa na majivu, bawaba mbili,
na alama nne sakafuni
pale Singa yangu ilipokuwa imesimama.

Alama tu. Chuma hakiungui kikaisha.

Jopo lilipokuja, karani kijana mwenye shati la mistari
aliandika kwa hati nzuri, hilo namshukuru:
Kageha Mmbone, fundi nguo. Cherehani ya miguu, moja.
Akauliza, Mama, una risiti?
Nikamwambia iko kwenye droo ya kushoto.
Droo iko wapi?
Kwenye cherehani.
Akaitazama kalamu yake kwa muda.
Akaandika: hakuna.

Ripoti yao ikatoka, nasikia ni nzito, juzuu kadhaa.
Sijaiona. Ninachokijua ni mlio.
Kila cherehani ina kikohozi chake; yangu
hukwama kidogo kila baada ya mishono saba, tk,
kisha huendelea kama mtu aliyekumbuka njia.
Miaka yote hii nimeusikia mlio huo
ng'ambo ya ukuta wa mabati, kwa Nyakio.
Tumezikiana. Tumeombana chumvi.
Binti yake nilimshonea sare ya kidato cha kwanza.
Wala hakuna aliyetaja chuma.

Jana usiku nikabisha.
Nikasema, yangu imeungua, bado nina bendera tano.
Akanitazama, akakitazama kitambaa.
Akaondoa nguo zilizokunjwa juu ya meza,
akaleta mafuta, tambara, kiti,
na yeye hakuketi.

Mguu ulilijua kanyagio kabla yangu.
Nikashona korongo wa Uganda, taji likaenda upande.
Nikashona ya Rwanda, nikaona haina nyekundu.
Nyakio akasema waliitoa, alisikia redioni.
Inatolewa tu? nikauliza.
Akasema, nadhani kwanza mtu aseme iko wapi.

Uzi mwekundu ukaisha. Nikavuta droo ya kushoto,
mkono ukienda wenyewe, kama zamani.
Vifungo. Chaki. Kopo la sindano.
Na risiti yangu, imekunjwa mara nne vilevile,
duka la Barabara ya Gusii, shilingi elfu sita na mia tano,
wino umegeuka rangi ya chai.
Chini yake, kibali cha mazishi
cha Githua, kakake Nyakio. Tarehe ishirini na saba,
Januari ileile.

Hakuizuia droo. Hakusema samahani,
nami sikusema haidhuru, kwa maana inadhuru.
Tulizitazama karatasi mbili zilizolala pamoja gizani
miaka yote hiyo,
na sijui ni dirisha gani, la ofisi gani,
ambapo mtu angezipeleka zote kwa mkono mmoja.

Malori yalikuwa yakipita barabara kuu kuelekea Malaba,
lakiri moja ya forodha, nchi nne, hakuna anayeifungua.

Uzi ulikuwa nyuma kabisa ya droo.
Nyakio akautunga kwenye sindano; macho yake yanaona kuliko yangu.
Bado nyota tatu za Burundi.
Gari la hoteli linakuja saa mbili.