Namba Kumi na Nne

Daejeon, saa tatu usiku. Tak Yeon-ok
anasoma dai la kwanza: kifaa cha gari,
vihisi vitatu chini ya kiti cha nyuma,
kengele, iwapo dereva kashuka na pumzi imebaki.

Si kipya. Mhandisi wa Nagoya alishakichora
mwaka themanini na saba, waya kwa waya.

Ila mchoro wa pili unamkwamisha.
Kila kitu kina namba: kengele tisa,
kiti kumi na moja, mtoto kumi na nne,
naye kavaa kiatu kimoja.
Maelezo hayakitaji cha pili.
Sheria haina mahali pa kuuliza.

Anakataa ombi, anagonga mhuri,
anashuka hadi maegeshoni.

Hana mtoto.
Anafungua mlango wa nyuma, anapapasa kiti.