Kidevu cha Meya

Mimi nilimjua kinyumenyume,
kama nilivyomjua kila mtu katika mji wa Tucumán:
kazi yangu ilikuwa kuchoma picha kwenye zinki kwa asidi,
na zinki haipokei sura ila iliyogeuzwa,
kulia kushoto, kushoto kulia.
Hata sahihi yake niliisoma kuanzia mkiani:
azarraB.
Nikadhani ni mwanamume.
Mji mzima ulidhani hivyo.

Nélida Barraza, miaka kumi na tisa,
binti wa mpima sukari wa kiwandani.
Aliajiriwa kuchora fremu nyeusi za tanzia
na ramani ya hali ya hewa:
jua la miale minane, wingu, wingu lenye mvua.
Malipo kwa kipande, kama mkata miwa.
Mezani pake kalamu ya chuma, wembe wa kukwangulia makosa,
na maganda ya malimau yaliyokauka.

Mkono wa mzee Cisneros ulipoanza kutetemeka,
mhariri Funes akaja chumba cha nyuma:
"Nani humu anaweza kumchora meya?"
Kimya.
Mchora tanzia akainua kalamu.

Katuni yake ya kwanza ilikuwa mbaya.
Nasema hivyo kwa kuwa niliichoma mimi.
Meya alikuwa jogoo. Wiki ya pili, jogoo tena.
Ya tatu, bata mzinga.
"Ndege umewamaliza," Funes akamwambia,
"sasa nenda ukamtazame mtu."

Akaenda. Jumanne kumi na moja
alikaa roshani ya baraza la mji, kitabu magotini,
asichore jicho, asichore tumbo,
bali kidevu peke yake,
kile kidevu kilichotokeza mbele ya mwenyewe
kama droo iliyosahauliwa wazi.

Ndipo ikaja ile ya bomba:
meya na mkasi na utepe wa uzinduzi,
tone moja la maji likidondoka,
kidevu kimelikinga.
Wauza mkate walicheka. Vinyozi waliibandika kwenye vioo.

Na Alhamisi meya akaja mwenyewe,
ananukia manukato ya wikendi, anacheka kuliko sote.
"Yuko wapi huyo bwana Barraza? Kumbe binti!"
Akaununua mchoro ule kwa noti mpya,
autie fremu ya dhahabu, autundike ofisini.

Usiku ule Nélida hakugusa chakula.
"Nimempaka mafuta," aliniambia,
"kwa kitu nilichodhani ni kisu."

Wiki iliyofuata niliigeuza picha mara tatu
nikimtafuta mtu ndani yake. Hakuna mtu.
Ni foleni ya ndoo tu, ndoo hadi mwisho wa mtaa,
na mbele yake bomba kavu,
utepe ungali umefungwa shingoni.
Neno hata moja hakuandika.
Ndoo ya nne, iliyobonyea ubavuni,
ilikuwa yetu.

Hiyo meya hakuja kuinunua.
Matangazo ya manispaa yakahama gazetini,
kurasa mbili kila Jumapili,
na Funes, akiviangalia viatu vyake,
akamrudisha Nélida kwenye hali ya hewa.

Majira ya baridi. Majivu ya miwa yakianguka
juu ya shuka zilizoanikwa.
Jua la miale minane. Wingu. Wingu.
Hakulalamika, na hilo lilinitia wasiwasi.

Usiku mmoja wa Julai, saa saba kasoro,
nikaishika filamu ya ramani mbele ya taa.
Wingu moja, juu ya mji wetu kabisa.
Nikalisogeza karibu.
Upande wa chini lilikuwa limetokeza
kama droo iliyosahauliwa wazi.
Chini yake, kwa herufi za kinyume, nadhifu:
Mvua haitarajiwi.

Funes alikuwa amekwisha kuitia saini.
Nani hukagua wingu?
Mimi nina mke, watoto wanne,
na kibarua ambacho nilikingoja miaka sita.
Nikafuta mikono kwenye aproni.
Nikaangalia mlango.
Nikaitia asidi.